Nani Amsimamie Msimamizi wa Njia?

Njia ya misafara itokayo Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora haikukosa watawala. Ilikosa sauti ya wapitao. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alipowatoza ushuru wafanyabiashara waliotoka Pwani na Unguja, mnamo mwaka 1860 walimng'oa, wakamsimika Mkasiwa aliyewaridhisha. Vita vilivyofuata viliendelea hadi 1865. Wenye pembe walipata mtu wao. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba mzigo begani, hakuulizwa.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilimtua mpagazi mzigo, lakini swali lilibaki: nani aamue nauli na usalama wa njia? Leo kazi hiyo ni ya LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Mwenyekiti wa Bodi yake huteuliwa na Rais, na wajumbe huteuliwa na Waziri.

Wapo wasemao kwamba dawa ni sanduku la kura. Jimbo la Texas, huko Marekani, huwachagua kwa kura makamishna watatu wa Tume ya Reli tangu miaka ya 1890. Lakini tangu mwaka 2005 Tume hiyo haina tena madaraka juu ya reli. Husimamia mafuta na gesi, na wagombea wake huchangiwa fedha nyingi za kampeni na wenye visima. Kura ipo, na kivuli cha wafanyabiashara wa Unyanyembe kipo pia.

Kwa hiyo hatudai kura. Tunadai kwamba sifa za wateuliwa zitangazwe, na kwamba abiria wa daraja la tatu asikilizwe huko huko stesheni ya Tabora kabla nauli haijapangwa. Baraza la Ushauri la Watumiaji lipo kisheria, na lisikike.

Ndugu zetu wa Visiwani wasiseme kuwa wao hawana reli. Ajali ya treni ya Msagali mwaka 2002 iliua watu zaidi ya 280. Mwaka 2011 Spice Islander ilizama na mamia ya watu. Bara na bahari zilitoa fundisho moja. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Wakubwa wanaoteua wawasikilize abiria wangali hai.