Ua katika Haiku na Ua katika Shairi

Mwenye kufasiri haiku za Kijapani kwa Kiswahili hukwama penye neno lililo dogo kuliko yote, nalo ni ua. Hesabu haimsumbui sana. Haiku nzima ina mizani 17, zilizogawanywa 5, 7 na 5, hali mshororo mmoja wa shairi letu la kawaida una 16. Tena Wajapani huihesabu "n" inayofunga silabi kuwa mizani kamili, kama sisi tuihesabuvyo "m" ya mtu na mti.

Katika haiku neno hana, yaani ua, likisimama peke yake bila kutajiwa mti wake, humaanisha ua la sakura, na mara humjulisha msikilizaji kuwa miti inachipua baada ya baridi. Neno la namna hiyo, lenye kutaja majira, huitwa kigo. Tangu zama za Matsuo Bashō (1644–1694) ni nadra haiku kulikosa. Ua hilo hutazamwa. Hudumu siku chache, likapukutika, na huzuni yake ni ya wakati upitao.

Kwa washairi wa pwani, ua hunuswa kabla ya kutazamwa. Asumini hutungwa, kilua huvaliwa, mkadi hutiwa katika kikuba. Na Mwana Kupona, katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, autaja utungaji wa asumini miongoni mwa mambo ya mke kumpendeza mumewe. Ua likitajwa tupu, msikilizaji hafikiri majira: hufikiri mwanamke, kisha huuliza ni nani. Kwa hiyo "ua limeanguka" litakuwa fumbo, na pengine kashfa.

Yaweza kudaiwa kwamba Kiswahili hakina ua la majira. Sikubali. Dai hilo laitazama pwani peke yake. Huko Kasoli, wilayani Bariadi, ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa na rangi ya maziwa, miezi miwili hivi baada ya mbegu kupandwa. Kesho yake limegeuka la waridi, kisha hunyauka na kuanguka. Hapana alivaaye. Mkulima husoma humo mvua, palizi, wadudu na deni la pembejeo. Hiyo ni kigo hasa, ila maana yake ni kinyume cha sakura, kwa kuwa likianguka huacha tunda nyuma yake.

Sisemi mfasiri aweke pamba mahali pa sakura. Huo ungekuwa uwongo. Nasema autaje mti kila mara, asiache ua tupu. Na mwenye kutunga haiku yake mwenyewe kwa Kiswahili aanze na ua aliloliona shambani kwao.