Nyumba Njema Si Mlango

Ofisi nifanyayo kazi imo katika jumba la ghorofa nyingi lililozungushiwa vioo toka chini hata juu. Mpita njia alitazamapo hulisifu, maana mawingu yaonekana humo kama katika maji ya ziwa. Lakini sisi tuliomo ndani twalijua kwa namna nyingine. Ifikapo saa nane mchana, jua hutugeukia. Makarani hubandika magazeti ya zamani kwenye vioo, mapazia hufungwa na taa huwashwa. Twaukimbia mwanga wa bure wa Mungu, kisha twanunua mwanga wa umeme.

Nilikuwa nikiliwaza jambo hilo aliponijia ndugu yangu mkubwa kutoka nyumbani. Amestaafu, amepata kiinua mgongo chake, naye alikuwa na picha ya nyumba aliyoiona mjini: madirisha mapana ya vioo, paa la mabati ya rangi, wala haina veranda. Akasema, "Mdogo wangu, nataka kama hii hii." Nilipomwuliza jua la jioni litaingilia wapi, alicheka. "Najenga nyumba, kaka, sipandi mahindi." Walakini fedha hizo ni jasho la miaka thelathini, wala hazitakuja mara ya pili.

Sisemi kwamba majengo ya kisasa ni mabaya. Hebu litazame Jumba la Mikutano la Kenyatta pale Nairobi, lililojengwa kati ya mwaka wa 1967 na 1973. Wasanifu wake walikuwa David Mutiso, Mkenya, na Karl Henrik Nøstvik, mtu wa Norwei. Mnara wake una ghorofa 28, nao ni wa saruji kama minara mingine ya dunia; lakini madirisha yamerudishwa ndani, na mbavu za saruji huyatilia kivuli. Wasanifu hao hawakulisahau jua la mahali pale.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na vichochoro vyake ni vyembamba hata nyumba moja huitilia kivuli nyumba ya pili. Mafundi wale hawakuwa na umeme wa kuwasahihishia makosa, basi iliwapasa wasiyafanye.

Katika siku zetu hizi yuko Francis Kéré, aliyezaliwa mwaka wa 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alisoma katika chumba chenye joto na giza. Alipokuwa mwanafunzi wa usanifu huko Ujerumani alichanga fedha, akajenga shule kijijini kwao, ikamalizika mwaka wa 2001. Alitumia matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Wanakijiji walitilia shaka udongo, wakidhani mvua itauyeyusha, lakini mwishowe walishiriki wenyewe katika kazi. Mabati aliyainua juu mbali na dari, na dari akaiachia matundu, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Mwaka wa 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kuu kabisa kwa wasanifu, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuipata. Hata kwetu Kenya iko kazi yake: kituo cha vijana kando ya Ziwa Turkana, cha mwaka wa 2021, ambacho minara yake hutoa hewa ya moto mfano wa vichuguu vya mchwa.

Watu wengi hudhani msanifu ni wa matajiri tu. Kwa hiyo hununua plani iliyonakiliwa, na nyumba iliyochorwa kwa baridi ya Limuru hujengwa katika joto la Garissa. Tangu mwaka wa 1934 nchi hii ina sheria ya kuwaandikisha wasanifu, ili mwananchi amjue aliye na elimu na asiye nayo. Yafaa nao wasanifu wasikae mijini tu wakingoja majumba makubwa, bali watueleze sisi wadogo, kwa maneno mepesi, kazi yao na malipo yake.

Lakini yako mambo ambayo mwenye nyumba aweza kuyaangalia mwenyewe. Nchi yetu imepitiwa na ikweta. Jua la asubuhi na la jioni ndilo lipigalo ukutani. Basi kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, paa lipite ukuta ili litie kivuli, na pawe na njia ya hewa chini ya mabati. Kuigeuza nyumba ingali katika karatasi ni kazi ya kifutio. Kuigeuza ikiisha kujengwa haiwezekani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani na ndugu yangu, tukasimama katika kiwanja chake saa kumi na moja jioni, pale alipotaka madirisha yake mapana. Jua likampiga machoni. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza veranda hugharimu kiasi gani. Vigingi viling'olewa jioni ile ile, na juma lijalo atakwenda kuonana na msanifu. Nanyi wasomaji mnaotazamia kujenga, simameni kwanza katika viwanja vyenu jioni moja kabla ya kumwita fundi.