Umefuta, Lakini Diski Bado Imejaa

Wasafiri wengi huijua wadi ya Marungu, nchini Kenya, kwa kituo cha Maungu tu, pale malori yanapopumzika kwenye barabara ya Mombasa. Lakini nyuma ya maduka yale kuna ranchi ya Rukinga, ulikoanzia mradi wa kaboni wa Ukanda wa Kasigau. Mwaka 2011 mradi huo ulikuwa wa kwanza duniani, miongoni mwa miradi ya kuzuia ukataji misitu, kupewa hati za kaboni chini ya VCS, kanuni za kimataifa za kuthibitisha hati hizo. Kazi kama hiyo hupangwa kwa miaka 30. Kipimo cha mti kilichochukuliwa leo sharti kipatikane siku mkaguzi atakapokiulizia, hata kama aliyekipima amekwisha kustaafu.

Chukulia basi ofisi yoyote ya huku inayotunza vipimo vya miti, picha za setilaiti na picha za ndovu zilizonaswa na kamera za porini. Seva yao ina diski kadhaa zilizounganishwa kuwa hazina moja, na hazina hiyo imegawanywa kuwa volyumu: ya picha, ya ramani, ya hesabu. Volyumu ya picha ina terabaiti 10, na imejaa. Ofisa wa kompyuta anafuta terabaiti 3 za picha zisizo na mnyama yeyote. Anaangalia kipimo cha nafasi. Hakijasogea.

Hapo ndipo snapshoti zinapojitokeza. Snapshoti ni hali ya volyumu ilivyokuwa wakati fulani, iliyowekwa isibadilike. Kuichukua ni kazi ya sekunde chache, kwa sababu hakuna faili linalonakiliwa. Mfumo hutunza tu orodha ya mahali kila kipande cha data kilipo, mithili ya karani anayenakili rejista ya viwanja bila kwenda kupima shamba lolote. Kuanzia saa hiyo, kipande kilichotajwa kwenye orodha hakiguswi. Ukibadilisha faili, toleo jipya huandikwa mahali pengine. Ukilifuta, jina hutoweka kwenye folda, lakini vipande vyake hubaki vimekalia diski.

Hivyo ndivyo unavyofanya kazi mfumo wa faili wa ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, na mitambo ya kuhifadhi data ya NetApp tangu miaka ya 1990. Lakini LVM, mfumo wa Linux wa kusimamia volyumu, kwa utaratibu wake wa awali hukihamisha kipande cha zamani hadi eneo maalumu kabla ya kuandika kipya. Uandishi hupungua kasi, na eneo hilo likijaa snapshoti nzima hubatilika.

Kinachoniumiza ni kuona watu wakifuta data hai zaidi na zaidi kwa hofu, huku kinachokalia nafasi ni snapshoti ya mwezi uliopita. Hata kufuta snapshoti moja huenda kusisaidie. Kipande kikiwa kimetajwa na snapshoti tano, hakiachiliwi hadi ya tano iondoke. Kwa hiyo uliza mfumo kwanza ni zipi zinazoshikilia nafasi, kisha ondoa kuanzia za zamani. Afadhali zaidi, kila snapshoti izaliwe na tarehe yake ya kufa. Ratiba ya kawaida ya NetApp huweka sita za kila saa, mbili za kila siku na mbili za kila wiki. Kwa ofisi ndogo ningeongeza za siku hadi 14, kwa kuwa faili lililoharibika mara nyingi hugunduliwa baada ya wiki nzima.

Lakini snapshoti si bekapu. Inakaa kwenye diski zilezile za data, na diski zikiungua vyote huungua. Usiku wa Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao bekapu zao zilikuwa kwenye jengo hilohilo walipoteza kila kitu.

Hata hivyo, snapshoti ndiyo inayoiwezesha bekapu pale intaneti ilipo hafifu. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti 10 zitachukua zaidi ya siku 92 kufika kwenye seva ya bekapu iliyoko, tuseme, Nairobi. Ila mfumo ukilinganisha snapshoti ya jana na ya leo, unatuma vipande vilivyobadilika tu. Vikiwa gigabaiti 20, kazi huisha kwa saa nne na nusu hivi, usiku watu wakiwa wamelala. Nakala ya kwanza ipakiwe kwenye diski, ipelekwe kwa gari, na mabadiliko yafuate kwa waya.

Jambo moja husahaulika sana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe. Tuseme ofisi yetu inatunza pia orodha za basari: mzazi akiomba jina la mwanawe liondolewe kwenye orodha ya zamani, kulifuta kwenye faili la leo hakutoshi, maana limo kwenye kila snapshoti ya nyuma na kwenye nakala iliyoko Nairobi. Ofisi iweze kumwambia mzazi huyo, kwa tarehe, lini snapshoti ya mwisho yenye jina hilo itaondolewa.