Antena Mbovu Huinyamazisha Redio Jangwani

Katika jangwa la Mojave, nchini Marekani, zipo njia ambako simu ya mkononi haipati mawimbi. Dereva aliyekwama mchangani huwaita wenzake kwa redio ya CB. Redio hiyo ina chaneli 40, kati ya megahezi 26.965 na 27.405, na kwa matangazo ya AM sheria inairuhusu wati 4 tu. Kwa nguvu ndogo kiasi hicho, antena ndiyo inayoamua iwapo sauti itafika.

Antena isiyolingana na masafa hurudisha sehemu ya nguvu redioni, na yaweza kuiunguza. Kwa hiyo kipimo cha mawimbi yanayorudi huunganishwa baina ya redio na antena, gari likiwa mahali pa wazi na milango imefungwa.

Dereva hupima chaneli ya 1, kisha ya 40. Kipimo kikiwa kikubwa zaidi kwenye chaneli ya 1, antena ni fupi, irefushwe. Kikiwa kikubwa zaidi kwenye ya 40, ni ndefu, ipunguzwe kidogo kidogo. Kisichozidi 1.5 ni kizuri.

Lakini kikipita 3 kwenye chaneli zote, antena isikatwe. Mara nyingi kasoro huwa katika kebo, au kitako cha antena hakigusi chuma cha gari kwa sababu ya rangi au kutu. Hapo hukwanguliwa mpaka chuma kionekane, kikafungwa upya, kikapimwa tena.

Yote hayo hufanywa kabla ya safari. Chaneli ya 9 imetengwa kwa dharura, lakini haimfai mwenye antena isiyosikika.