Mbwa wa Kuwindia na Nyumba ya Mwislamu

Katika vijiji vya pwani yetu, na visiwani pia, hapana mkulima asiyejua adha ya nguruwe mwitu. Usiku mmoja watosha kulifanya shamba la mihogo kuwa kama kwamba limelimwa kwa jembe. Basi kijana wa nyumba, akiisha kuona jasho lake limeliwa, humwendea baba yake akataka rukhsa ya kufuga mbwa wa kuwindia. Hapo ndipo nyumba hugawanyika. Baba husema mbwa ni haramu. Mama hukhofia vyombo vyake na mikeka yake. Bibi hukumbusha kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Naye kijana, kwa kuwa hakujibiwa kwa hoja, huenda akamficha mbwa kwa jirani, akamlisha kwa siri, asijue hata namna ya kutwahirisha mikono yake. Khasara ya jambo hili ni kubwa kuliko khasara ya mihogo.

Yatupasa tuanze na hukumu. Imepokewa kwa Abu Huraira na Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa mwenye kuweka mbwa pasipo haja hupungukiwa kila siku na kirati katika thawabu zake, na katika mapokezi mengine ni kirati mbili, akawavua katika hukumu hiyo mbwa wa kuwinda, mbwa wa mifugo na mbwa wa shamba. Na katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu amehalalisha kile wanachowakamatia mabwana zao wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Tena neno lililotumika katika aya hiyo kwa wale wafundishao limetokana na jina la mbwa kwa Kiarabu. Kwa hiyo babu zetu wasasi wa Unguja, waliokuwa wakiingia porini na mikuki na mbwa wao kisha wakarejea kuswali, hawakuwa wakivunja dini. Aliyekatazwa ni yule afugaye mbwa kwa kujionyesha au kwa mchezo tu. Na kijana atakaye mbwa na ajihoji nafsi yake mbele ya Mola wake: je, ana shamba, ana mawindo, au ameona mbwa mzuri kwa rafiki yake akatamani? Jawabu hiyo hapana mtu awezaye kumtolea.

Sasa tuje kwenye kuchagua, kwani hapo ndipo vijana wengi hupotea. Kijana akiambiwa achague mbwa, humtazama yule mkali kuliko wote, mwenye kunguruma na kung'ata minyororo, akadhani huyo ndiye msasi. Lakini tazama sharia ilivyompima mbwa wa kuwinda. Adiyy bin Hatim, aliyekuwa mkuu wa kabila la Tayi na mtu wa mawindo, alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mbwa wake, na katika majibu aliyopewa wanavyuoni wa madhhabi yetu ya Shafii wametoa sharti za mbwa aliyefundishwa: akitumwa aende, akikanywa asimame, akikamata amshikie bwana wake, wala asile katika kile alichokamata. Na mambo haya yaonekane kwake mara kwa mara hata iwe ni tabia yake, si bahati ya siku moja.

Hebu wazazi wazitafakari sharti hizi. Mbwa asimamaye akikanywa ndiye ambaye mtoto wa jirani aweza kupita mbele yake akaenda chuoni salama. Mbwa aondokaye akitumwa tu ndiye asiyewafukuza kuku wa watu. Mbwa aliyezuia mdomo wake juu ya nyama moto ya sungura hatamwuma mtoto aliyeangusha kipande cha muhogo karibu naye. Mbwa mkali asiyesikia, hata akiua wanyama kumi, nyama yao haijuzu kwetu, na nyumbani ni balaa. Kwa hivyo mwenye kumtafuta mbwa wa halali amekwisha kumtafuta mbwa wa nyumba. Njia ni moja.

Je, achukuliwe mtoto wa mbwa au mbwa mzima? Kwa mtu ambaye hajapata kufuga, mimi napendelea mbwa mzima wa miaka 2 au 3, aliyekwisha kufundishwa, kutoka kwa msasi ajulikanaye kijijini. Mtu huyo na aombwe amtoe mbwa porini mbele ya macho yenu, amtume, kisha amwite katikati ya mbio. Asiporudi, rudini nyumbani nyinyi. Kisha mwekewe chakula, na bwana wake amwondolee chombo kwa mkono wake mwenyewe. Mbwa akikakamaa juu ya chombo na kuonyesha meno, huyo hafai penye watoto, ijapokuwa sifa zake za porini zimejaa masikio. Jaribio hili msilifanye nyinyi wageni.

Akichaguliwa mtoto wa mbwa, kwanza mwangalieni mama yake. Mama mwenye khofu ya watu hufunza khofu, na mbwa mwenye khofu ndiye aumaye upesi. Mtoto asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8, maana katika siku hizo hujifunza kwa ndugu zake kwamba kuuma kuna kiasi: akiuma sana, mwenziwe hulia na mchezo hukatika. Simameni mbali kidogo mpige kofi moja. Yupo atakayekimbia asirudi; yupo atakayekuja kwa kishindo, akawakanyaga wenzake. Mchukueni yule aliyeshtuka, akatazama, kisha akaja taratibu kunusa. Mtupieni kitambaa mwone kama atakifuata na kukileta, kwani mwenye kuleta kitambaa utotoni ni mwepesi wa kufundishwa kuleta kanga na kwale ukubwani. Tazameni pia macho yawe maangavu, fizi ziwe nyekundu za afya, na tumbo lisiwe limevimba kama ngoma, maana hiyo aghalabu ni minyoo.

Ama juu ya jinsi za mbwa, maneno ni mengi. Waarabu wamemtukuza saluki, mbwa mwembamba mwenye miguu mirefu, ambaye mbio zake hupita kilomita 60 kwa saa. Mabedui walikuwa wakimpa nafasi katika hema ambayo mbwa mwingine hakupewa. Na kwa jinsi watu wa zamani walivyofikiri juu ya uaminifu wa mbwa, mwanachuoni mmoja wa Baghdad, Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wa wavaao nguo! Lakini saluki huwinda kwa macho. Akiona mnyama akimbiaye hasikii tena, na katika vijiji vyetu mnyama wa kwanza kukimbia atakuwa mbuzi wa jirani. Katika misitu ya Kongo yuko mbwa mdogo ambaye kubweka kwake ni kwa nadra mno, na wasasi wa huko humfunga njuga ya mti shingoni wapate kujua aliko. Ni mbwa msafi, hujiramba kama paka, bali ana kichwa kigumu. Wazungu nao wana mbwa wao wa kuokota ndege, wenye mdomo laini na upole kwa watoto, lakini manyoya yao mazito na jua letu havipatani, na chakula chao chaweza kumlemea mwenye watoto sita. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, aliyezoea jua na pori hili, ndiye nimwonaye bora kwa mwanafunzi wa uwindaji. Awe mmoja tu. Wawili hufuatana wao kwa wao, wakamsahau bwana wao.

Tena kuna jambo la bei ambalo wengi hawalijui. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya mbwa, na kwa ajili hiyo katika madhhabi ya Shafii uuzaji wake hausihi, hata akiwa wa kuwinda, Mahanafi wao wamejuzisha. Kwa hiyo njia iliyo njema kwetu ni kupewa kwa hiba. Na mwenye mbwa asipokubali kumtoa bure, wanavyuoni wamejuzisha apewe kitu kwa ajili ya kuondosha mkono wake juu yake, na hiyo si bei. Wazee wa vijiji wakilijua hili wataona si zito.

Mbwa hajaletwa bado, na iko khabari ya kuzungumzwa barazani na jikoni. Kwetu sisi Mashafii mbwa ni najisi mwili mzima. Malik ameona kwamba mbwa aliye hai ni twahara. Kikavu kikigusa kikavu hakinajisishi. Bali mate yake, au manyoya yake yaliyolowa, yakigusa nguo, chombo au mwili, hapana budi kuosha mara 7, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Na ni nani katika nyumba nyingi aoshaye? Ni mama, au binti, au bibi mzee mwenye kuteka maji mbali. Kijana hurudi porini, akavua kanzu yake yenye mate ya mbwa akaitupa uani, akaenda kulala. Huu ni udhalimu, na naona ndio ambao umewachukiza mama zetu kwa mbwa kuliko kitu chochote. Kwa hiyo na aulizwe mama kwanza. Naye kijana aahidi mbele ya wazee wake kwamba nguo za mawindo atazifua mwenyewe, na zitakaa mbali na nguo za swala. Akikataa sharti hii, hajawa mtu wa kufuga mbwa.

Kibanda kiwe nje, mbali na kisima, upande ambao upepo hauji mlangoni. Katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 18, mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa akiwa amenyosha miguu yake penye kizingiti. Na hapo nje ya mlango ndipo mahali pa mbwa wa Mwislamu. Chombo chake kiwe chake peke yake, tena kiwe cha namna isiyofanana na vyombo vya watu, mtoto mdogo asikosee. Karibu na kibanda wekeni mtungi wa maji na kopo la udongo safi, ili utwahirishaji usingoje mpaka mtu aingie ndani. Watoto wafundishwe wasimwendee akiwa anakula, amelala, au ana watoto wake. Wala wasimpige mawe. Yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake alisamehewa dhambi zake, na khabari hiyo watoto huipenda sana. Wasomeshwe pamoja na hukumu za najisi, wasije wakadhani kwamba najisi maana yake ni kuchukiwa.

Kichaa cha mbwa huua maelfu ya watu Afrika na Asia kila mwaka, na wengi katika waumwao ni watoto. Dalili zikiisha kumtokea mtu, dawa haimfai tena. Mbwa na achanjwe kwa bwana mifugo akitimiza miezi 3, kisha arudiwe kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, na siku ile ile aende hospitali kwa sindano, hata jeraha likiwa dogo kama mchubuko wa mwiba. Asingoje kombe wala dawa ya mitishamba. Mbwa apewe dawa ya minyoo pia, wala asitupiwe matumbo mabichi ya mbuzi, kwani humo hutoka minyoo ya tegu ambayo mayai yake yakimwingia mtu humtia malengelenge ya maji katika ini. Akiwa ni jike, jueni kwamba aghalabu huingia katika joto mara 2 kwa mwaka, na mimba yake ni ya siku 63 hivi. Asiyetaka watoto wa mbwa wa kutupwa njiani na amwulize bwana mifugo njia ya kuzuia.

Ama huko porini, sharia za serikali nazo zina haki ya kufuatwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori tangu mwaka 1977. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 2009, hapana kuwinda bila ya kibali. Visiwani yuko paa nunga, ambaye hapatikani duniani ila Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na mbwa wa wasasi ni katika mambo yaliyompunguza, huyo haguswi. Aendewe bwana nyama wa mahali kabla mbwa hajafunguliwa, aulizwe ni mnyama gani aruhusiwaye, na kama mbwa wanaruhusiwa. Kwa wakulima wengi kazi halali iliyobaki ni kumfukuza nguruwe mwitu shambani, na kwa kazi hiyo mbwa ni wa shamba kabisa. Nguruwe naye ni najisi kama mbwa: damu yake ikiruka nguoni au mkukini, huoshwa vile vile mara 7 kwa udongo.

Na penye kibali cha kuwinda kinacholiwa, kijana ataje jina la Mwenyezi Mungu anapomtuma mbwa. Akijitumia mbwa mwenyewe akaua, au akila katika windo, au akionekana mbwa mwingine pamoja naye isijulikane ni nani aliyeua, nyama hiyo iachwe. Ikiwa ni halali, mahali palipong'atwa paoshwe mara 7 kwa maji na udongo. Si lazima kukatwa. Na mnyama akikutwa yungali na uhai, hatoshelezwi na meno ya mbwa, lazima achinjwe. Basi kijana asitoke nyumbani bila ya kisu kikali kiunoni.