Je, Wajua? Jitu la Sinema, Gazeti la Kenya na Zimwi la Gusii

Je, wajua kwamba mwandishi aliyebuni jitu la filamu ya The BFG alilipwa malipo yake ya kwanza ya uandishi na gazeti la Kenya? Mwandishi huyo ni Roald Dahl. Gazeti lilikuwa East African Standard, ambalo leo ni The Standard, lile lile linalopangwa chini kando ya barabara mjini Kisii na Nyamira kila asubuhi.

Dahl alizaliwa Cardiff, Wales, tarehe 13 Septemba 1916, na wazazi kutoka Norwe. Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 22, akapelekwa Dar es Salaam. Huko alijifunza Kiswahili, akaendesha gari katika njia za vumbi za Tanganyika akiwauzia mafuta wenye mashamba na migodi. Katika kitabu chake Going Solo cha mwaka 1986 anasimulia jioni moja alipokuwa mgeni nyumbani kwa afisa wa wilaya. Simba aliingia uani akamkamata mke wa mpishi kiunoni. Akaondoka naye bila haraka, kichwa na mikono ya mama vikining'inia upande mmoja wa mdomo na miguu upande wa pili. Mume alimfuata simba mbio akipiga kelele. Afisa akafyatua risasi, simba akamtua mama chini na kutokomea, na mama akasimama bila jeraha. Alikuwa ametulia tuli muda wote huo, akijifanya maiti.

Habari zilipoenea, mhariri wa East African Standard alimwandikia Dahl akimwomba asimulie alichokiona. Dahl anasema alipokea hundi ya pauni 5, na kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kuchapishwa. Msomaji aliyelelewa na emegano, zile ngano za Abagusii zinazosimuliwa jikoni kwa magokoro, yaani bibi, ataona jambo hapa. Mnyama anabeba mtu, mtu anatumia akili, mtu anarudi mzima. Dahl alianza kuandika kwa kisa chenye umbo ambalo Mgusii yeyote analitambua.

Vita vilipozuka mwaka 1939 aliendesha gari kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa na kimo cha takriban mita 1.98, na ndege ya kujifunzia aina ya Tiger Moth ilikuwa na kiti kilicho wazi, kwa hiyo kichwa chake kilibaki juu ya kioo cha kukinga upepo. Septemba 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la Afrika Kaskazini, naye akaumia vibaya kichwani.

Je, wajua kwamba kitabu chake cha kwanza cha watoto kilitokana na filamu ambayo haikutengenezwa? Kinaitwa The Gremlins, kilichapishwa mwaka 1943, na Walt Disney alikuwa amekusudia kukifanya katuni. Baadaye Dahl mwenyewe aliandika miswada ya filamu za watu wengine, ikiwemo You Only Live Twice ya mwaka 1967, sinema ya James Bond.

Tuje sasa kwa jitu lenyewe. The BFG ilitoka mwaka 1982. Msichana yatima, Sophie, ananyakuliwa dirishani usiku na jitu la urefu wa futi 24. Kule anakopelekwa kuna majitu mengine tisa, makubwa kuliko hilo, ambayo kila usiku hutoka mbio kwenda kula watu katika nchi mbalimbali. Jitu lililomchukua halili watu. Linakula mboga chungu isiyolika, na kazi yake ni kukamata ndoto na kuzipuliza kwa tarumbeta ndefu ndani ya vyumba vya watoto waliolala.

Ukifungua ukurasa wa mwanzo utaona kitabu kimetolewa kwa Olivia. Huyo alikuwa binti mkubwa wa Dahl. Aliugua surua, ikamshika ubongo, akafa Novemba 1962 akiwa na miaka 7, kabla chanjo ya surua haijapatikana. Mwaka 1986 Dahl aliandika barua ya wazi akiwasihi wazazi wawachanje watoto wao. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika habari za mtu huyu. Katika kila kliniki ya kijijini, iwe Nyamaiya au Ogembo, mama anapompeleka mtoto wa miezi tisa kuchomwa sindano ya surua, anapewa kitu ambacho mwandishi mashuhuri hakuweza kumpa mwanawe.

Filamu ya Steven Spielberg ilionyeshwa mara ya kwanza Cannes, Mei 2016, Mark Rylance akiwa jitu na Ruby Barnhill akiwa Sophie. Mswada uliandikwa na Melissa Mathison, mama aliyeandika pia E.T. ya mwaka 1982. Mathison alifariki Novemba 2015, filamu ikiwa haijatoka.

Dahl hakuridhika kwa urahisi na sinema za vitabu vyake. Katika kitabu chake The Witches mvulana anageuzwa panya na kubaki panya hadi mwisho, lakini filamu ya mwaka 1990 ilimrudishia umbo lake, na jambo hilo lilimuudhi sana. Hata Willy Wonka & the Chocolate Factory ya mwaka 1971 hakuipenda, ingawa jina lake limeandikwa kama mwandishi wa mswada.

Kuhusu hiyo ya mwisho, je, wajua kwamba wafanyakazi wadogo wa kiwanda cha chokoleti, Oompa-Loompa, walikuwa Waafrika katika toleo la kwanza? Katika kitabu cha mwaka 1964 walikuwa mbilikimo weusi waliotolewa msituni Afrika, wakalipwa kwa punje za kakao. Watetezi wa haki za watu weusi nchini Marekani walipinga. Filamu ikawapaka uso rangi ya chungwa na nywele za kijani, na mwaka 1973 Dahl akabadilisha kitabu chenyewe. Ni aibu kwamba mtu aliyeishi nasi, akala nasi na kusema lugha yetu, alituandika hivyo. Ni vizuri pia kujua kwamba walalamikaji walisikilizwa, na kurasa zikabadilika.

Je, Gusii ina mwandishi wake wa mazimwi? Inaye. Christopher Okemwa, mshairi na mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kisii, aliandika Sabina and the Mystery of the Ogre, riwaya fupi ya vijana iliyoshinda tuzo ya Burt mwaka 2015. Tuzo hiyo ilitolewa na shirika la CODE la Kanada, na sehemu ya zawadi ilikuwa kununua nakala na kuzifikisha kwa vijana shuleni na maktabani. Ukaja mwendelezo, Sabina the Rain Girl. Okemwa ameandika pia ngano za Abagusii na vitabu vya fasihi simulizi, na ndiye mwanzilishi wa tamasha la ushairi la Kistrech, ambalo tangu mwaka 2013 limekuwa likiwaleta Kisii washairi kutoka pembe nyingi za dunia.

Mazingira ya sinema ya zimwi la Gusii yapo tayari. Genge la Manga, upande wa Nyamira, linashuka ghafla kiasi kwamba ukisimama ukingoni ukungu uko chini ya miguu yako. Kule Tabaka kuna mawe ya sabuni ya rangi nyeupe na ya waridi, na wachongaji wanaoweza kutengeneza uso wa zimwi mchana mmoja. Muziki upo. Obokano, kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi 8, kina mngurumo mzito unaotosha kutangaza kwamba zimwi limekaribia kabla halijaonekana. Na anayetaka mhusika wa ajabu kutoka historia anaye Sakawa, mtabiri wa karne ya 19 anayekumbukwa kwa kutabiri ujio wa wageni na kuonyesha mahali ambapo mji wa Kisii ungejengwa.

Wakenya wameshaonyesha kwamba sinema ya ndoto haihitaji mamilioni ya Hollywood. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ina dakika 21 tu na ilifika Sundance. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana mgonjwa anayejiona shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinachoshirikiana kumtengenezea filamu yake. Ilianzia tamasha la Berlin.

Jambo la mwisho ni la kisheria, na watayarishaji wa filamu wanalisahau. Mwaka ule ule wa 2016 jitu la Spielberg lilipotoka, Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Ngano zimo ndani yake. Anayetaka kuzitumia kibiashara anatakiwa kupata idhini ya jamii yenyewe kwanza, na jamii inastahili sehemu ya faida. Jukumu la kwanza la kuzisajili sheria imewapa serikali za kaunti, kwa hiyo emegano za Abagusii zina ofisi mbili za kuulizia: moja Kisii, moja Nyamira.