Mshale kwenye Waya wa Spika

Mzee mmoja mstaafu, mteja wangu wa miaka mingi na mpenzi mkubwa wa rumba, aliniita nyumbani kwake nione waya wa spika alioletewa na mwanawe kutoka Ulaya. Ulikuwa mnene kama mpira wa kumwagilia bustani, umevishwa wavu mweusi, na ubavuni umechorwa mishale. "Fundi," akaniambia, "huu mshale lazima uelekee kwenye spika. Tangu niufunge, besi imerudi. Ule wa zamani ulikuwa unainyonya."

Nikaanza na mshale. Umeme unaotoka kwenye amplifaya hauendi upande mmoja kama maji ya bomba, unakwenda na kurudi. Kwa sauti yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde, umeme huo hugeuza mwelekeo wake mara 2,000 katika sekunde hiyo hiyo. Nilimwomba mzee aweke vidole taratibu kwenye koni ya spika kubwa, nikaongeza sauti. Akaihisi ikimsukuma, ikirudi ndani, ikimsukuma tena. Kama waya ungependelea upande mmoja, koni isingetetemeka hivyo.

Besi je, waya unaweza kuinyonya? Kwa urefu wa sebuleni, jambo la maana zaidi katika waya wa spika ni ukinzani, yaani jinsi unavyouzuia umeme usipite. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule ambao mafundi umeme huupeleka kwenye soketi, una ukinzani wa takriban omu 0.007 kwa kila mita. Spika ikikaa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme unasafiri mita 10, kwenda na kurudi, jumla omu 0.07. Spika za kawaida ni omu 8. Kinachopotea njiani hakifiki desibeli 0.1, na sijapata kukutana na sikio la kuligundua pengo hilo. Hata madini ya fedha yanapitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi tu. Ongeza unene wa shaba kidogo, umeshayafikia.

Waya wa kuogopa upo, lakini kasoro yake haihusiani na mshale. Ni ule unaouzwa kwa jina la shaba kumbe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu juu. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba, na kinachokatika upesi kwenye maungio.

Huko Marekani mabishano haya yalifika mbali. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kufichua ulaghai, alisema zawadi ya dola milioni 1 ya taasisi yake iko wazi kwa atakayethibitisha, bila kuona, kwamba nyaya za spika za Pear Anjou za dola 7,250 zinasikika vizuri kuliko za kawaida. Kampuni iliyotengeneza nyaya hizo ilijitoa, jaribio halikufanyika. Mwaka uliofuata kampuni ya Denon iliuza waya wa data wa mita 1.5 kwa dola 499, nao ukiwa na mishale. Waya wa aina hiyo hubeba tarakimu 0 na 1. Zikifika salama, muziki unakuwa ule ule. Zikiharibika, unasikia mikwaruzo au kimya, si mwimbaji mwenye sauti nyororo zaidi. Watu wengi waliucheka waya ule. Mimi nilimhurumia aliyeununua, maana kwa pesa hiyo angepata spika nzuri, na spika ndiyo inayobadilisha sauti ya chumba.

Sasa turudi kwa mzee. Sikumwambia kwamba anajidanganya. Mtu akisema amesikia besi, kazi ya fundi ni kutafuta imetoka wapi. Nikamwomba afunge tena waya wa zamani vile vile alivyokuwa ameufunga. Akafunga. Na kweli, besi ikapotea, hata mimi nilisikia! Nikapiga magoti nyuma ya spika na tochi. Waya ule una mstari mweupe upande mmoja. Kwenye spika ya kushoto, mstari ulikuwa umeingia kwenye tundu jekundu. Kwenye ya kulia, kwenye tundu jeusi. Koni moja ilipousukuma upepo, nyingine ilikuwa ikiuvuta, na besi ndiyo huumia kwanza namna hiyo. Waya wa Ulaya ulikuja na ncha za rangi, nyekundu na nyeusi, hivyo mzee akaufunga sawasawa bila kujua amerekebisha nini.

Nilibadilisha ncha mbili za waya wa zamani. Kisha tukazifunika nyaya kwa khanga, mzee akakaa kwenye kiti chake akitazama dirishani, mjukuu wake akawa anarusha sarafu ya kuamua waya upi ufungwe. Kitufe cha sauti hatukukigusa, kwa sababu sauti iliyo juu kidogo sikio huiona ndiyo bora. Tulifanya hivyo mara 10, na kila mara mzee akataja ni waya upi anaousikia. Anayebahatisha hupata 5 kwa wastani. Kupata 9 au zaidi kwa bahati tupu hutokea takriban mara 1 katika 100. Mzee alipata 4.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wa mwanangu nimrudishie?"

"Usimrudishie, mzee wangu. Ni shaba nzuri, na umetoka kwa mtoto."

Tukaufunga, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Akamwomba mjukuu arudishe wimbo mwanzoni, safari hii ausikilize tu.